Ulinzi Hauishi Mpakani

Askari anapovuka mpaka kulinda amani ya jirani, wengi wetu huhesabu bunduki tu. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi zilipeleka vikosi mashariki ya Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huo huo waasi wa M23 wakashindwa. Hata hivyo waasi hao walirudi, na Januari 2025 wakauteka mji wa Goma.

Nusu ya pili ya ulinzi iko Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 kusini-mashariki ya Mbarara. Mbarara yenyewe yajua gharama ya vita: iliharibiwa vibaya mwaka 1979, ikajengwa upya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako nchini, na wengi hupewa kipande cha ardhi walime mahindi na maharage.

Lakini shamba dogo halitoshi. Mei 2025, fedha za wahisani zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha mgao kwa wakimbizi milioni moja nchini humo.

Kijana mwenye njaa huandikishwa vitani kwa urahisi. Hivyo mataifa yanayochangia askari hayana budi kuchangia pia mbegu, majembe na unga. Nasi majumbani tusimwite mkimbizi mzigo: chungu chake kikichemka, mpaka wetu nao umelindwa.