Magurudumu ya Tela la Mashua

Mashua ikikokotwa mwendo mrefu juu ya tela, vitovu vya magurudumu, zilimo gololi, hupata moto. Tukilitumbukiza tela majini papo hapo, hewa iliyomo kitovuni hupoa ghafula na kunywea, nayo huvuta maji ndani. Maji hayo huharibu grisi. Yakiwa ya chumvi, kutu huja upesi. Hatimaye gololi husagika, na gurudumu laweza kuchomoka njiani likaua mpita njia.

Basi tufikapo ufukoni, kwanza tukaribishe mkono kitovuni. Tukihisi joto, tungoje kipoe. Mashua ikiisha kuelea, tulitoe tela, tulioshe kwa maji yasiyo chumvi, na kabla ya safari nyingine tutazame grisi. Iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji, yapasa tuibadili.