Paka Ana Tanuru, Kambale Ana Njaa

Swali limetoka Kisenge, ule mji wa manganizi ulio magharibi mwa Kolwezi, kuelekea mpaka wa Angola. Mama mmoja ana paka mzee. Alimnunulia gunia la kilo 10 la krokete, chakula kikavu cha paka, mjini Kolwezi, likapakiwa, likasafiri hadi nyumbani. Haukupita muda, paka akaanza kunywa maji kupita kiasi na kukonda. Daktari wa wanyama akasema ni figo, na krokete zile zikome. Gunia lina kilo 6 bado. Mama anauliza alipeleke wapi.

Kwa mtu wa Kisenge, kutupa si jibu. Vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela mwaka 1975, njia ya kwenda bandari ya Lobito ikafa, na manganizi ya Kisenge ikakosa pa kupitia. Shehena yake ilikuja kupita tena reli hiyo mwaka 2018. Watu waliongoja treni kwa miaka zaidi ya 40 hawachezei kitu kilichokwisha kufika mlangoni.

Makala haya, basi, yatamtafutia mama mlaji. (Wasomaji wa Kolwezi wavumilie neno lenyewe. Kwao makala ni ya kupikia, huuzwa kwa gunia, na anayejitia kuandika "makala ya sayansi" huonekana kama muuza mkaa aliyepitia chuo. Heri hivyo, maana leo moto utahitajika.)

Paka alitoka wapi, aliingiaje nyumbani kufuata panya, ana aina ngapi: hayo yako katika vitabu vya shule, na yalale humo. Utamu uko ndani ya ini lake.

Protini ikishaliwa huvunjwa kuwa asidi amino, na mwili huamua la kufanya nazo: zijenge misuli, damu na manyoya, au zichomwe kama kuni. Wanaochoma ni vimeng'enya vya ini. Kwa binadamu na mbwa, ini hilo ni mbabula, jiko la makala. Mama akitaka sombe ichemke upesi, anaongeza makala na kupepea. Akitaka iive taratibu, anaondoa vipande viwili na kuufunika moto kwa majivu. Mwili wa mbwa hufanya vivyo hivyo: wiki ya nyama vimeng'enya huongezeka, wiki ya bukari mtupu hupungua, na protini kidogo iliyopatikana hutunzwa kwa ujenzi.

Ini la paka si mbabula. Ni tanuru la kiwanda.

Kolwezi inalijua tanuru hilo. Kiwanda cha Lualaba Copper Smelter kilianza kuyeyusha shaba mwaka 2020, na sheria ya kwanza ya tanuru la namna ile ni kwamba halizimwi ovyo. Likipoa shaba ikiwa bado ndani, uji ule wa moto huganda ukawa bonge moja, na kulibomoa ni kazi ya miezi na fedha. Kwa hiyo mawe yakija mengi, yakija machache, moto unaendelea. Kiwanda hujikinga kwa kuweka lundo la mawe uani. Paka hana ua wa namna hiyo. Mafuta yana ghala mwilini, sukari ina kighala kidogo, lakini protini haina stoo popote. Mawe yakikosekana, tanuru la paka hugeukia matofali ya kuta zake: linachoma misuli. Ndiyo maana paka aliyeacha kula kwa siku chache hunywea upesi, uti wa mgongo ukajitokeza, wakati mbwa wa lupango hilo hilo bado anabweka.

Waliolipima tanuru hili ni Quinton Rogers, James Morris na Richard Freedland wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1977 walitoa matokeo ya paka wakubwa waliolishwa protini kidogo na waliolishwa protini nyingi mno. Kwa panya wa maabara, vimeng'enya vingepanda na kushuka kama bei ya kobalti. Kwa paka vilibaki karibu palepale. Utafiti wa baadaye umelegeza kidogo hukumu hiyo, lakini picha imesimama.

Sasa moshi. Yeyote anayechoma mawe ya shaba yenye salfa hutoa hewa kali ya kukaba koo, na kiwanda kinachojiheshimu hakiiachii ipae. Huinasa, huigeuza kuwa asidi ya sulfuriki, na asidi hiyo hutumiwa na migodi kuoshea shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Sumu imekuwa bidhaa. Ini la paka hufanya hivyo hivyo. Kuchoma asidi amino hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, na ini huinasa na kuigeuza yurea, kitu kipole kinachoyeyuka majini na kutoka na mkojo. Katika mtambo huo wa kunasa moshi yupo fundi mmoja asiyekosekana, naye ni asidi amino iitwayo arjinini. Mbwa na binadamu humtengeneza fundi huyu wenyewe akipungua, walau kiasi cha kuokoa siku. Paka karibu hawezi, lazima amle. Mwaka 1978 Morris na Rogers walionyesha jambo la kutisha: paka aliyelazwa na njaa usiku kucha akapewa mlo mmoja tu usio na arjinini aliugua kwa amonia ndani ya saa chache. Mlo mmoja! Tanuru liliwaka kama kawaida, fundi wa moshi hakuja kazini, na kiwanda kizima kikajaa sumu.

Kwa nini mnyama ajengwe hivi? Kwa sababu babu zake hawakukosa arjinini hata siku moja. Panya amejaa arjinini, ndege amejaa arjinini. Hakuna anayeajiri fundi wa akiba kwa hitilafu ambayo haijawahi kutokea.

Hapa Kiswahili kinadai neno. Wanasayansi wana jina la mnyama asiyeweza kuishi bila nyama, na kwetu "mlanyama" peke yake halitoshi, kwani mbwa ni mlanyama na bado hushiba bukari. "Mlanyama wa lazima" hutumika hapa na pale, ila linaacha shaka: nani amemlazimisha? Linasikika kama paka anayeshikiwa fimbo. "Mtumwa wa nyama" lina ladha, lakini litachekwa katika mtihani. Lipo "mlanyama asiye na hiari", refu kama treni ya Dilolo. Pendekezo la makala haya ni "mlanyama shuruti". Shuruti ni sharti lililofungwa ndani ya jambo lenyewe, halihitaji mwenye fimbo, na neno lina mshindo mfupi unaomfaa mnyama mwenyewe. Simba ni mlanyama shuruti. Chui pia. Fisi, anayekula kila kitu kikiwemo kiatu, bado wanamjadili.

Turudi kwenye gunia. Yurea yote ile huishia kwenye figo, na figo za paka mzee zikichoka, tanuru lake linazizidi kazi. Huwezi kulizima, basi unapunguza mawe: chakula chenye protini ya kipimo na fosforasi kidogo. Krokete za kawaida haziko hivyo. Vipimo vinavyofuatwa na viwanda vya Marekani vinataka chakula cha paka mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 26 ya uzito mkavu, na cha mbwa asilimia 18, na viwanda vingi huvuka hapo. Kwa maneno mengine, kilo 6 za Kisenge ni dhahabu ya protini ambayo mgonjwa mmoja tu ndiye haruhusiwi kuigusa.

Mlaji wa kwanza ni paka mwingine. Hili halihitaji sayansi, na katika mtaa wowote wenye jiko wapo paka watatu wasio na daktari wala gunia. Gunia liangaliwe tarehe, linuswe. Likinuka mafuta yaliyochacha au likiwa na ukungu wa masika, lisipewe yeyote.

Mbwa je? Atazipenda kuliko chakula chake mwenyewe, maana zina mafuta na harufu iliyopuliziwa kiwandani kwa makusudi. Kiganja kimoja juu ya bukari hakimdhuru mbwa mzima mwenye afya. Bakuli zima kila siku litamnenepesha na laweza kumuumiza kongosho.

Kugeuza mambo, yaani chakula cha mbwa kumpa paka, hapo ndipo watu huharibu. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake wa Harvard walieleza paka waliopoteza uwezo wa kuona kwa sababu chakula chao kilikosa taurini, kitu kingine ambacho mlanyama shuruti hakitengenezi cha kumtosha. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Davis wakaonyesha kwamba ukosefu huo huo hulegeza moyo wa paka hadi ukatanuka kama mfuko, na kwamba taurini ikirudishwa mapema moyo hurudia nguvu zake. Paka wao walikuwa wakila chakula cha dukani kilichoandikwa kwamba kimekamilika. Viwanda viliongeza taurini baada ya hapo. Vya chakula cha mbwa havikulazimishwa.

Kuku ndio watakaotajwa na kila jirani. Kuku hula chochote, na mama wa Kisenge bila shaka ana kuku. Lakini kuku wa mayai anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama ya gunia itaishia kwenye kinyesi. Tena krokete nyingi hutengenezwa kwa mabaki ya kuku, na kumlisha kuku mabaki ya kuku ni tabia ambayo Ulaya iliipiga marufuku baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kuwafundisha adabu.

Kuna na kisa cha mwaka 2007. Mwezi Machi kampuni ya Menu Foods ya Kanada ilianza kuondoa sokoni makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 za chakula cha paka na mbwa, baada ya wanyama kufa kwa figo. Ndani ya gluteni ya ngano iliyotoka China kulikutwa melamini, kitu cha kutengenezea sahani za plastiki. Hila yake ilikuwa nyepesi: maabara nyingi hazipimi protini yenyewe, hupima naitrojeni kisha hukisia, na theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Chakula duni kikapita kama nyama. Kwetu sisi kisa kinaanzia hapo, kwa sababu ilikuja kugunduliwa kwamba mabaki ya viwanda vya chakula cha paka na mbwa yalikuwa yameuzwa kama chakula cha nguruwe na kuku katika majimbo kadhaa ya Marekani. Huko Indiana pekee ilihesabiwa kuku kwa mamilioni. Serikali ilisema hatari kwa mlaji wa nyama ni ndogo sana, lakini ilibidi wakaguzi wazunguke mabanda kutafuta chakula cha paka kilipita matumbo gani. Mabaki ya paka yakiingia kwa kuku, yameingia mezani.

Abaki nani? Abaki kambale. Naye ataishia mezani, ila kwake protini ile haitapotea bure.

Wakongo wanaojua Kifaransa humwita samaki-paka kwa ndevu zake, na kwa mara moja jina la mzaha limesema kweli ya jikoni. Kambale anayefugwa hutaka protini ya asilimia 35 hadi 40 akiwa anakua, mafuta hayamsumbui, na chakula chenye unga wa samaki hukifuata kama sherehe. Wafugaji wengi humlisha pumba na majani kwa sababu chakula cha kiwandani ni ghali, naye hukua kwa uvivu. Amonia haimpi taabu kama paka: huitoa moja kwa moja majini kupitia matamvua, bila mtambo wa kunasa moshi, kwa kuwa maji yanayomzunguka ndiyo bomba lake. Gunia linalomuua paka wa Kisenge polepole ndilo hasa kambale alilokuwa akilingoja.

Krokete zitwangwe kwenye kinu zikipita ukubwa wa mdomo wa samaki, zichanganywe na pumba, zitupwe kidogo kidogo asubuhi na jioni, na mwenye bwawa aache mara samaki wanapoacha kuzigombania, kwa sababu kinachozama huoza na kuchafua maji. Kilo 6 za chakula kizito namna hiyo, katika bwawa linalotunzwa, zinaweza kuongeza kilo 4 hivi za samaki.

Mama asidai bei ya gunia. Aombe kambale mmoja siku ya kuvua. Mgonjwa apewe kipande cha ukubwa wa kidole, na waliobaki wale kichwa na mchuzi kwa bukari.