Je, Wajua? Reli ya Mtito Andei na Maajabu Yake

Je, wajua kwamba Mtito Andei, hapo basi la Mombasa linaposimama ukanywe chai, pana reli mbili zisizoweza kusaidiana? Ya Mwingereza ina upana wa mita 1. Reli mpya, SGR, ina milimita 1,435. Behewa la hii haliwezi kukanyaga ile!

SGR ina njia moja tu, na treni za abiria hukimbia kilomita 120 kwa saa. Sasa ya Nairobi na ya Mombasa zikikutana? Hazikutani hovyo: moja hungoja stesheni, nyingine ipite.

Na majirani wa stesheni ya Mtito Andei je? Ndovu! Hifadhi ya Tsavo Mashariki peke yake ni kilomita za mraba 13,747. Ndani ya Tsavo, SGR iliachiwa vivuko 6 vya wanyama, ili ndovu apite zake chini, treni ipite zake juu.

Wakamba husimulia kwamba zamani za kale mtabiri wao Syokimau aliona joka refu la chuma likitoka baharini, na watu wanaobeba moto mfukoni. Joka hilo ni treni. Na moto gani huo? Kiberiti! Haya niambie, SGR ya kwenda Mombasa inaanzia wapi Nairobi? Syokimau!

Unadhani stesheni ndogo haina makuu? Kishi, huko Japani, stesheni masta alikuwa paka! Tama aliteuliwa Januari 2007, akavishwa kofia ya kazi, mshahara wake chakula. Alipokufa mwaka 2015, maelfu ya watu walifika kumzika.

Sasa kaa vizuri, hii ni ya hapa hapa Makueni, kaunti ya Mtito Andei. Juni 1900, stesheni ya Kima, ofisa wa polisi wa reli Charles Ryall alikesha ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamshinda. Simba akaingia mlangoni, akamkanyaga mwenzake aliyelala sakafuni, akambeba Ryall, akatoka naye dirishani! Behewa lenyewe lipo hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nenda ulione.

Na wale simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898? Walikuwa madume, lakini hawakuwa na manyoya shingoni! Wa kwanza alipouawa, ilibidi watu 8 wambebe. Mhandisi Patterson, aliyewapiga risasi, alitandika ngozi zao sakafuni kwa miaka 25, kisha akaziuza kwa makumbusho ya Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000.

Bado hujashangaa? Mwaka 2024 wanasayansi walichokoa nywele zilizokwama kwenye meno yao tangu enzi hizo, wakazipima vinasaba. Walipata twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa. Na binadamu.