Kumaliza Kitambaa Kilichoachwa

Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, vumbi la kiangazi huingia hata sandukuni. Kitambaa cha kutarizi kilichoachwa humo huchafuka, na sindano iliyosahauliwa ndani yake hushika kutu.

Je, kitupwe? La! Kwanza toa sindano hiyo. Doa la kutu, lisilotoka kwa sabuni, lifunike kwa ua jipya. Uzi mpya haufanani kabisa na ule wa zamani. Basi ugawe pande zote, tofauti isionekane. Ficha ncha za nyuzi nyuma. Mwisho kifue kwa maji baridi, ukipige pasi upande wa nyuma, juu ya nguo nene, maua yasibonyee.

Siku ya arusi, mpe dada yako. Hatauliza ulianza lini. Atafurahi kwamba umemaliza.