Mafuta Ghafi na Mimba za Mifugo

Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa. Mimba ikitoka, umekosa ndama na umekosa maziwa, na majani ya miezi yote hiyo yameliwa bure. Kwa hiyo mfugaji hana budi kujua vitu vinavyoweza kuharibu uzazi wa mifugo yake. Kimoja ni mafuta ghafi.

Mafuta ghafi ni mafuta yanayotoka ardhini kabla hayajasafishwa. Ndani yake mna petroli, dizeli, mafuta ya taa, lami na vitu vingine vingi, na baadhi ni sumu. Wilaya za Handeni na Korogwe zimo katika njia ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Jiwe la msingi la bomba hilo liliwekwa Chongoleani mwezi wa Agosti, 2017. Urefu wake ni kilometa 1,443, na kilometa 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda, ndiyo maana bomba limetengenezwa ili lipashwe joto la nyuzi 50 hivi.

Bomba hufukiwa ardhini. Likiwa zima, ng'ombe wako hawezi kuyagusa mafuta yaliyomo. Hatari huja pale mafuta yanapomwagika. Na usifikirie bomba peke yake. Lori la dizeli linaweza kupinduka barabarani. Oili chafu ya gereji au ya mashine ya kusaga inaweza kutiririka hadi kwenye lambo.

Utauliza, je, ng'ombe atakunywa mafuta? Ndiyo, atakunywa. Ng'ombe mwenye kiu au mwenye hamu ya chumvi hulamba vitu vingi. Wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa ya shida Handeni, hachagui sana.

Mafuta yakiingia tumboni, mengine huingia katika damu. Damu huyapeleka kwenye ini, na pia kwenye vifuko vya mayai na kwenye tumbo la uzazi. Mwili wa jike huongozwa na vichocheo. Hivyo ndivyo vinavyomfanya apate joto, ashike mimba na kuitunza. Sumu ya mafuta inaweza kuvuruga vichocheo hivyo. Wataalamu wa Nigeria waliwapa panya jike mafuta ghafi ya nchi yao. Panya hao hawakupata joto kwa mpango wao wa kawaida, na vifuko vyao vya mayai viliharibika.

Mfano mwingine ni wa baharini. Mwaka 2010 kisima cha mafuta kilipasuka katika Ghuba ya Meksiko, huko Marekani. Baadaye wataalamu waliwafuatilia pomboo 10 wenye mimba katika ghuba ndogo iliyoingiwa na mafuta. Ni 2 tu waliozaa watoto walioishi. Mahali pasipo na mafuta, zaidi ya 8 katika kila 10 huzaa salama.

Kuku naye asisahauliwe. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, na kifaranga hupumua kupitia humo. Katika majaribio ya mayai ya bata, tone dogo tu la mafuta ghafi juu ya ganda liliweza kuua kifaranga ndani. Basi kuku anayeatamia mayai huku manyoya yake yana oili anaweza kuyaharibu.

Lakini tusikimbilie kulaumu mafuta kila mimba inapotoka. Nchini Kanada, mwaka 2001 na 2002, wataalamu walichunguza maelfu ya ng'ombe waliolishwa karibu na visima vya mafuta na gesi. Kwa jumla hawakuona kwamba hewa ya visima hivyo ndiyo iliyofanya ng'ombe watupe mimba. Kuvuta hewa kwa mbali si sawa na kunywa mafuta. Tena huku kwetu kuna brusela na homa ya bonde la ufa. Magonjwa hayo hutoa mimba, na huambukiza watu.

Ukiona mafuta yamemwagika, ondoa mifugo kwanza, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na Bwana Mifugo. Mnyama aliyepakaa mafuta aoshwe kwa sabuni na maji, hasa kiwele, maana ndama atanyonya hapo. Aliyekunywa mafuta usimnyweshe dawa kwa nguvu. Mafuta yakipanda kooni yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo ng'ombe wengi hufia. Maziwa yake yasinywewe wala yasiuzwe mpaka Bwana Mifugo aruhusu.

Wapo wafugaji wanaopaka mifugo oili chafu ili kuua kupe. Waache. Mnyama hujilamba, na dawa ya kuogeshea ipo. Dumu lililokuwa na oili au dizeli nalo lisitumike kunyweshea, hata likioshwa.

Na mimba ikitoka, usiushike mzoga wa ndama wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mama mjamzito asikaribie kabisa. Mwite Bwana Mifugo achukue sampuli kwanza. Kisha fukia vilivyobaki katika shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua.