Styron alipoisimulia sonona yake

Oktoba 1985 mwandishi Mmarekani William Styron alikuwa Paris kupokea tuzo yenye hundi ya dola 25,000. Usiku ule mezani hakuwa na hamu ya chakula wala mazungumzo, na hundi yenyewe ikampotea. Iliokotwa baadaye chini ya meza ya jirani. Alikuwa na miaka 60, jina kubwa, mke na watoto. Sonona haikujali lolote kati ya hayo.

Mwaka 1990 alichapisha Darkness Visible, kitabu kisichofika kurasa mia, kinachoeleza yaliyomkuta. Wapo wanaohofia kwamba kitabu cha namna hiyo kitamzidishia mgonjwa majonzi. Mimi naamini vingine. Aliyezama katika sonona ameshachoka kuambiwa "jikaze, yatapita" na watu ambao hawajawahi kufika alipo. Styron amefika. Anaeleza usingizi ulivyomhama, sauti yake ilivyokwaruza ikawa ya kizee, alasiri zilivyomwelemea kuliko asubuhi. Msomaji anayezijua alasiri hizo anashtuka: kumbe si mimi peke yangu, na huyu alitoka.

Desemba 1985 alikuwa amekwisha kata shauri la kujiua. Usiku, akitazama filamu nyumbani, akasikia humo wimbo wa mtunzi Brahms. Mama yake, aliyefariki Styron akiwa bado mvulana, alikuwa akiuimba. Zikamjia kumbukumbu za watoto walivyokuwa wakikimbizana katika vyumba vya nyumba ile. Akamwamsha mkewe, Rose, na kesho yake akalazwa hospitalini, akakaa karibu wiki saba. Ningependa msomaji aipe hatua hiyo ya kumwamsha mtu uzito wake wote, kwa sababu Styron hakujiokoa kwa ushujaa. Alisema hali yake, akapelekwa kwa madaktari.

Humo wodini walipewa udongo wa kufinyanga, shughuli aliyoiona ya kitoto. Kichwa chake cha kwanza kilikuwa fuvu la kijani lenye meno nje. Vilivyofuata vikawa vinapata uhai kidogo kidogo, hadi cha mwisho kikatabasamu. Hata akiwa hajaamini kwamba anapona, mikono yake ilishaanza kuonyesha hivyo.

Ugonjwa ulimrudia mwaka 2000. Hilo halivunji ushuhuda wake hata kidogo. Alifariki 2006 kwa nimonia, mzee wa miaka 81, miaka ipatayo 20 baada ya usiku ule ambao hakutaka kuuvuka.

Fasihi yetu inayajua maumivu haya. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, inamfuata Kazimoto hadi anapojiua, na imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Tunachohitaji sana sasa ni sauti za waliotoka, wakisimulia kwa Kiswahili hiki cha nyumbani: nani aliwapeleka hospitali, dawa zilichukua muda gani, ndugu walisema nini. Woga wa kusimulia una sababu zake, na mojawapo ni sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumtia hatiani mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Kwa uamuzi huo, Mkenya aliyeuvuka usiku kama wa Styron anaweza kuuandika bila kuogopa kwamba anaandikisha maelezo ya polisi.