Konzo: Maisha Baada ya Miguu Kukaza

Konzo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaokaza miguu yote miwili ghafla, mara nyingi ndani ya siku chache, na kuiacha hivyo maisha yote. Jina lake latoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Mkoani Mara, uliwapata wanakijiji wa Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame.

Chanzo ni sayanidi inayobaki katika mhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwa watu wenye mlo usio na protini ya kutosha. Njaa ndiyo hufupisha siku za kuloweka mhogo ili sumu hiyo itoke.

Dawa ya kuuponya haipo, lakini hauzidi kuongezeka, na hiyo si nafuu ndogo. Kwa kawaida mtu mzima hubaki na akili timamu na mikono inayofanya kazi. Wengine hutembea kwa ncha za vidole bila msaada, wengine kwa fimbo moja au mbili, wengine hawatembei kabisa. Kinachobadilisha maisha yao ni vitu vya kawaida: magongo yaliyopimwa kwa kimo cha mwenyewe, mazoezi ya kunyoosha misuli, choo chenye pa kushika, maji ya karibu. Jembe humshinda mgonjwa. Cherehani ya kukanyaga pia, ingawa wafadhili huipenda. Ya kuzungusha kwa mkono humfaa zaidi, au genge la kuuzia dagaa nyumbani.